Kwa Nini Bado Natunza Diski za Filamu

Mimi ni mkusanyaji wa filamu kwenye diski, na wakati huohuo ni mteja wa huduma za filamu mtandaoni. Sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Lakini miaka niliyoishi nayo yote imenionyesha jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha miongoni mwetu: kwa mpenzi wa filamu za Hollywood, kununua diski ni hiari yake, kwa sababu filamu hizo zina pengine pa kupatikana, lakini kwa filamu za Kiswahili, hasa zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, diski mara nyingi ndiyo nakala nzima pekee ambayo mtazamaji wa kawaida anaweza kuipata, na aliyenayo nyumbani anashikilia kitu adimu kuliko anavyodhani.

Nilikulia Tanga wakati wa mikanda ya VHS. Deki ilikuwa mali ya nyumba chache mtaani, na mikanda ilikodishwa kwenye maktaba za video, vyumba vidogo vyenye rafu hadi darini na daftari la wakodishaji juu ya meza. Huko ndiko nilikoanza kuelewa kwamba filamu huzeeka pamoja na kitu kilichoibeba. Mkanda uliotazamwa sana ulianza kuonyesha mistari myeupe chini ya kioo, na fundi akifungua deki alikuta hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, imejaa uchafu wa utepe, akaisafisha kwa spiriti. Adui mkubwa zaidi kwetu watu wa pwani alikuwa unyevu. Mkanda uliokaa kabatini msimu wote wa masika ulitoka na ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, ambao unaweza kuuona kupitia kidirisha cha kaseti bila kuifungua. Mkanda wa namna hiyo haupaswi kuingizwa kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwa sababu ukungu hubaki ndani ya mashine na kuhamia kwenye mikanda itakayofuata. Nimeona maktaba nzima ikiharibika kwa njia hiyo.

Kisha ikaja VCD, diski ya video iliyotangulia DVD kwetu, ambayo Ulaya na Marekani haikupata nguvu, lakini Asia na kwetu ilienea sana kwa sababu mashine zake zilikuwa rahisi na diski zake zilikuwa rahisi zaidi. VCD moja hubeba takriban dakika 74 za picha, kwa hiyo filamu ndefu ililazimika kukaa kwenye diski mbili. Watengenezaji wa filamu za Bongo waliukuza utaratibu huo hadi ukawa desturi ya biashara: sehemu ya kwanza iliuzwa peke yake, ikakatika pale pazito, na mtazamaji akasubiri sehemu ya pili iingie dukani. Hata DVD ilipokuja, ambayo ile ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7 na inatosha filamu nzima, desturi ya sehemu mbili iliendelea. Siwalaumu. Soko lilikuwa limejaa nakala za wizi, na kuuza mara mbili kulikuwa njia mojawapo ya kurudisha gharama. Lakini leo, mtu anapojaribu kukusanya kazi za kipindi hicho, matokeo ya desturi ile ni mazito: sehemu za kwanza zipo nyingi, za pili ni chache, na zipo hadithi ambazo mwisho wake siwezi kuupata popote.

Kununua diski zilizotumika, kwa mfano kwenye meza za Kariakoo, kunahitaji macho. Jambo la kwanza ninalofanya ni kuigeuza diski na kuutazama upande unaosomwa. Diski iliyotengenezwa kiwandani ina rangi ya fedha safi, na karibu na tundu la katikati kuna duara lenye namba ndogo za kiwanda. Diski iliyochomwa kwenye kompyuta huonyesha rangi ya zambarau, bluu au kijani kwa mbali, kwa sababu data yake imeandikwa kwenye rangi ya kikemikali, ambayo hufifia kwa mwanga na joto. Diski iliyochomwa na kuachwa kwenye meza ya juani inaweza kuwa tayari imekufa ingawa kwa macho ni mpya kabisa. Kisha natazama kava. Kuanzia mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianzisha stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu, kwa hiyo kwenye kasha la filamu ya Tanzania ya miaka iliyofuata natarajia kuiona stempu hiyo, na ikiwepo inanipa pia fununu ya wakati nakala hiyo ilipoingia sokoni.

Halafu natazama upande wa picha, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hili limenisaidia kuliko yote. VCD kimaumbile ni CD. Tabaka lake la data limekaa juu kabisa, chini ya lebo, likikingwa na vanishi nyembamba tu. Watu wengi huiweka mezani upande unaong'aa ukitazama juu wakidhani wameulinda, kumbe upande wa picha unaosugua meza ndio wenye filamu. Mkwaruzo wa chini, kwenye plastiki, unaweza kupungua ukisuguliwa kwa kitu laini, na ndiyo sababu ile dawa ya meno ambayo kila mtaa una mtaalamu wake wakati mwingine hufaulu. Mkwaruzo wa upande wa lebo umeondoa filamu yenyewe na hakuna dawa. DVD ni tofauti. Imeundwa kwa sahani mbili za milimita 0.6 zilizobandikwa pamoja, na data imelala katikati, kwa hiyo inavumilia zaidi, ingawa gundi ikiachia na hewa ikaingia, alumini huanza kuoza kutoka ukingoni. VCD ya zamani naiinua dhidi ya taa: nikiona vitundu vya mwanga vikipenya, najua kwamba kila kitundu ni sehemu ya picha iliyokwisha kupotea. Kufuta vumbi nafuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huishinda mashine upesi kuliko ule unaokatiza.

Huduma za mtandaoni nilizipokea kwa furaha, na bado nazifurahia. Netflix ilifungua milango kwa nchi zaidi ya 130 kwa mara moja tarehe 6 Januari 2016, Tanzania na Kenya zikiwamo, na ghafla mtu wa Tanga aliweza kutazama filamu ya Senegal au ya Iran yenye maandishi ya tafsiri yaliyonyooka, kitu ambacho duka letu la diski halikuwahi kutuletea. Kwa sizoni ndefu, ambazo zamani tulizipata kwa kubebeana flashi mtaani bila senti moja kumfikia aliyezitengeneza, huduma hizi ni njia ya haki zaidi, na mimi napenda kulipia kazi ya mtu. Gharama iliyojificha ni bando. Filamu yenye picha safi inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na kwa anayetumia simu tu, bila waya wa intaneti nyumbani, bei ya kutazama filamu moja hugeuka kuwa kubwa kuliko bei ya diski iliyowahi kuuzwa Kariakoo.

Mpwa wangu, anayesoma chuo Dar es Salaam, alinikuta siku moja nikipanga makasha. Akaniamkia, akasimama akitazama, kisha akaniambia, "Mjomba, vyote hivi si viko kwenye simu? Unajaza nyumba bure." Nilimkaribisha aketi, nikampa rundo la kava, nikamwomba anitafutie. Za Marekani na za Kihindi alizipata upesi, na kwa hizo sikuwa na la kubishana naye. Tulipofika kwenye za Kiswahili, alianza kukunja uso. Katika huduma tunazolipia hakukuwa hata moja kati ya zile nilizompa. Kwenye YouTube alizipata kadhaa, na tukaketi kuzitazama kwa pamoja, kava mkononi. Moja ilikuwa imekatwa kingo ili isitambuliwe na mfumo unaokagua hakimiliki, na vichwa vya waigizaji vilikuwa vinaishia kwenye paji la uso. Nyingine ilikuwa na nembo ya chaneli iliyobandikwa katikati ya picha. Ya tatu ilifika kwenye harusi, wimbo ukaanza, na sauti ikazimika kabisa hadi wimbo ulipokwisha, kwa sababu mwenye wimbo alikuwa na madai yake na mfumo ulizima kila kitu, maneno ya wahusika pamoja na muziki. Sehemu ya pili ya hiyo haikuwepo. Mpwa wangu alichukua diski, akaiweka kwenye deki, na akaisikia harusi ile yote.

Jambo jingine ambalo diski inalo na mtandao hauna ni kava lenyewe. Nyuma ya kava za filamu zetu yameandikwa majina: mwandishi wa hadithi, mpiga picha, mhariri, kampuni iliyosambaza, na mara nyingine hata mahali ilipopigwa picha. Aliyeipandisha filamu ile YouTube aliandika jina la nyota mmoja na alama nyingi za mshangao. Wengine wote wamefutika. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, nchi nzima ilimjua, na naamini jina lake litabaki hata bila mimi. Ninaohofia kuwapoteza ni wale waliosimama nyuma yake na pembeni yake, ambao ushahidi kwamba waliifanya kazi hiyo ni maandishi madogo nyuma ya karatasi iliyochapwa rangi.

Ziko pia filamu ambazo hakuna huduma halali itakayozibeba kamwe. Nazungumzia zile za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili, ambazo kwa Tanzania zilipata umaarufu mkubwa kupitia sauti ya Lufufu, kama ambavyo Kenya wana DJ Afro na Uganda wana wasimulizi wao wanaoitwa VJ. Kisheria kazi hizi zina utata mkubwa, kwa kuwa filamu zilichukuliwa bila idhini ya wenyewe, na siwezi kulificha hilo. Hata hivyo usimulizi ule ni sanaa yetu. Msimulizi hakutafsiri tu. Aliwapa wahusika tabia za watu wa mtaani kwetu, aliingiza methali, alimweleza bibi asiyejua Kiingereza kwa nini yule askari amekasirika. Wapo watu wazima leo waliojifunza namna ya kusimulia kisa kwa kumsikiliza yeye kwenye kibanda cha video. Sauti hizo zimo kwenye diski zilizochomwa, zile za rangi ya zambarau zinazofifia, na kwa hiyo nimeziweka mbele katika orodha yangu ya kunakiliwa.

Nilipoanza kusoma kwa makini masharti ya huduma hizi ndipo nilipofahamu kwa nini filamu niliyoitazama mwezi uliopita inaweza isiwepo mwezi huu. Huduma haiimiliki, ina leseni ya muda, na muda ukiisha filamu inaondoka. Hata palipoandikwa kitufe cha kununua, kinachouzwa kwa kawaida ni ruhusa. Mwaka 2022 wateja wa duka la mtandaoni la PlayStation wa Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za kampuni ya Studiocanal walizozinunua zingeondolewa kwenye akaunti zao kuanzia tarehe 31 Agosti, kwa sababu makubaliano ya leseni yalikuwa yamebadilika. Jimbo la California limeliona tatizo hilo kuwa zito kiasi cha kulitungia sheria iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Wenzetu hao wana mahakama na vyama vya kuwatetea watumiaji. Mtu wa kwetu akiondolewa filamu ya Kiswahili mtandaoni, hata mahali pa kulalamika hapajui.

Na kuna suala la waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine tukabaki na intaneti dhaifu au bila intaneti kabisa kwa muda. Nyumbani kwangu tulitazama diski. Majirani walikuja, kwanza watoto, kisha mama zao, na nilishangazwa na jinsi watu walivyozikumbuka filamu zile, wakitaja maneno ya wahusika kabla hayajasemwa. Sitaki kuijenga hoja yangu juu ya tukio la nadra, kwa sababu nyaya zilirekebishwa na maisha yakaendelea. Nalitaja kwa sababu siku zile nilitambua kwamba katika mtaa wangu hapakuwa na nyumba nyingine iliyobaki na deki inayofanya kazi.

Tukio lililonibadilisha zaidi ni la binti mmoja wa Pangani aliyenipigia simu baada ya kusikia kwa rafiki yake kwamba nina diski za zamani. Baba yake, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, aliwahi kucheza nafasi ya mzee wa kijiji katika filamu moja iliyopigwa picha maeneo yetu. Alikuwa amefariki, na familia haikuwa na video yoyote yenye sauti yake. Walikuwa wamemtafuta aliyeitengeneza filamu, wakaambiwa kwamba kompyuta iliyokuwa na picha za awali iliharibika zamani na mikanda ya kamera ilitumiwa tena kurekodia kazi nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Mikanda ilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri kwamba kuna haja ya kuihifadhi. Kwangu ilikuwepo sehemu ya kwanza. Alikuja na kaka yake, tukaiweka, na mzee akatokea mapema tu, akimkemea kijana aliyeingia uani bila kubisha hodi. Binti aliniomba nirudishe nyuma. Niliwapa nakala, na tangu hapo nimeacha kuyaita makusanyo haya burudani yangu binafsi.

Tangu wakati huo kazi yangu kubwa imekuwa kunakili, na hapa pia yapo ya kuzingatia. Mashine zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, na kompyuta mpakato za siku hizi huuzwa bila tundu la diski, kwa hiyo ni busara kununua kisomeo cha nje cha waya wa USB sasa, kabla hakijawa kitu cha kuagiza. Nakala nikishaifanya naitazama yote hadi mwisho, kwa sababu faili linaweza kufunguka vizuri na kuganda dakika ya arobaini. Faili naliweka kwenye diski kuu mbili za kompyuta (hard disk), moja kwangu na nyingine kwa dada yangu Korogwe, mbali na chumvi ya bahari, na kava nalipiga picha pande zote mbili. Diski ya asili siitupi hata baada ya kuinakili, kwa kuwa diski kuu nayo hufa, tena bila kutoa dalili. Siuzi nakala wala siziweki mtandaoni, kwa sababu haki ya kufanya hivyo ni ya waliozitengeneza, na ninapompata mmoja wao namrudishia kazi yake bure. Wawili tayari wamezipokea filamu zao wenyewe kutoka kwangu, wakiwa hawakubakiwa na nakala yoyote.

Neno moja kwa wenye ndugu ng'ambo. Diski za DVD zimefungwa kwa kanda za dunia: Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5, Oman na Uingereza kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. Shangazi akituma diski kutoka Muscat na deki yako ikaikataa, diski haijaharibika. Deki nyingi zinazouzwa kwetu husoma kanda zote, na ile inayokataa mara nyingi hufunguliwa kwa namba za siri kwenye rimoti ambazo fundi mzuri anazijua. Kinyume chake pia ni kweli, na ni habari njema: filamu zetu nyingi hazikuwekewa kufuli lolote, kwa hiyo zile zilizosafiri na wenzetu kwenda Muscat, London au Minneapolis bado zinaweza kusomwa huko, na huenda sehemu za pili ninazozitafuta zimelala kwenye masanduku yao.

Orodha ya sehemu za pili ninazozikosa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na mpwa wangu ana picha yake kwenye simu ili aitumie anapopita Kariakoo. Mwezi ujao tunakwenda pamoja Mombasa, ambako mwenye maktaba ya zamani ya video anafunga duka. Amekubali kutusubiri tupitie rafu zake kabla hajawaita wanunuzi wa plastiki.